Hela ninayo, Fairlady Z nimeiona, ila nyumbani sijamwambia mtu

Shangazi shikamoo,

Naomba usinicheke. Najua wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na mawifi na mirathi, mi nakuletea gari, tena gari la mwaka 1972 ambalo sijawahi hata kuligusa mlango. Lakini magari ya aina hii yameninyima usingizi miezi minne sasa, na kila nikitaka kuongea na mtu wa karibu nakosa pa kuanzia, ndo nikaona niandike huku ambako hakuna anayenijua.

Nina miaka 38, nimeolewa, watoto wawili, kazi yangu ni uhasibu. Baba yangu alikuwa fundi magari, sasa ana miaka 74 na kazi ameacha kwa sababu ya macho. Nilipokuwa mdogo mi ndo nilikuwa mshika tochi wake. Kaka zangu walijua kupotea jioni ikifika, mi nabaki naye chini ya gari mpaka mkono unakufa ganzi, na nikihamisha mwanga kidogo tu nasikia "mulika ninapoangalia mimi, sio unapoangalia wewe". Mpaka leo nikiwasha tochi ya simu naisikia hiyo sauti.

Ndani ya mlango wa kabati lake la spana kulikuwa na picha aliyoikata gazetini akaibandika kwa solusheni ya kuzibia mipira. Datsun 240Z nyekundu, boneti nyeusi, tope mpaka kwenye taa, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Akiwa na nafasi anasimulia na ya 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews, jinsi Mehta alivyomaliza sawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine na bado Mehta akapewa ushindi, yaani anasimulia kama mtu aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, na gari lenyewe halina kiti cha nyuma.

Sasa mama (ameshatangulia mbele za haki) miezi michache kabla hajafariki aliniambia kitu. Mwaka ule naingia chuo, kuna mteja wa baba alikuwa anauza Z kama ile ya pichani, baba alikuwa ameshaweka hela pembeni, akaichukua yote akaenda kunilipia ada. Baba mwenyewe hajawahi kulitamka hilo hata siku moja.

Basi miaka mitatu iliyopita nikaanza kutafuta gari la baba. Nilianza kama utani, usiku watoto wakishalala, simu mkononi, mwisho nikawa na faili la kompyuta lenye kurasa kumi na moja. Nimejua kwamba kwao Japani haikuitwa Datsun 240Z, iliitwa Nissan Fairlady Z, ilitoka mwishoni mwa 1969, na nyingi walizouza kwao zilikuwa na injini ndogo ya L20, lita mbili, nguvu farasi 130, wakati za kwenda nje zilipewa L24 ya cc 2393. Kuna ile Z432, yaani valvu 4 kila silinda, kabureta 3, kamshafti 2, injini moja na Skyline GT-R ya kwanza, gari lingine la kasi la Nissan, hiyo naiangalia tu kama mtu anayeangalia nyumba za matajiri. Halafu mwaka 1971 wakaitoa 240ZG kwa soko la kwao, ina pua ndefu na mabawa ya matairi yaliyofungwa kwa skrubu juu ya bodi. Hiyo ZG ndo iliniua, Shangazi.

Wiki iliyopita ajenti ninayewasiliana naye miezi hii minne akanitumia moja. 240ZG ya 1972, rangi damu ya mzee, yeni milioni 6 na laki 2 kabla ya meli. Nilitetemeka mkono kabisa. Nikaanza kukuza picha moja moja. Picha ya tisa inaonyesha ukuta wa nyuma ya injini pale namba ya chasi inapogongwa, inaanza na S30. Mi najua 240 inatakiwa kuanza na HS30, S30 bila H ni ya lita mbili. Nikamuuliza ajenti, akasema za zamani zilikuwa zinachanganyika hivyo hivyo nisiwe na wasiwasi, nikajikuta namuamini. Chini ya gari kote kumepakwa rangi nyeusi mpya. Karatasi ya mnada haina gredi, yaani alama ya hali ya gari, kasema magari ya umri huo huwa hawayapi gredi. Anataka kianzio asilimia 30 ndani ya siku nne maana kuna mteja mwingine, na kasema kwenye ankara ataandika bei ndogo ili ushuru usiniumize.

Hela ipo. Tatizo ipo kwenye akaunti mi na mume wangu tuliyofungua pamoja kwa ajili ya "jambo letu kubwa", hatukuwahi kusema jambo gani. Yapata theluthi mbili ni za kwangu, bonasi zote nimetupia humo. Mume wangu sio mtu mbaya. Kuna siku tukiwa mezani nilimwonyesha picha ya Z kwenye simu, akaiangalia, akasema "lina viti viwili", akaendelea kula. Tangu siku hiyo sijaongea tena.

Na baba nilimchokoza kwa mbali, "baba ungepata Z leo ungeifanyaje?" Akacheka, akasema "ya nini sasa, macho haya".

Shangazi nilipe? Nikilipa nimwambie mume wangu kabla au likishafika bandarini? Nataka baba afunguliwe geti alikute tu limesimama. Nikichelewa macho yatakuwa yameisha kabisa na sitajisamehe. Zimebaki siku nne.

Mshika Tochi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Sijakucheka. Nimecheka mara moja tu, pale kwenye kiti cha nyuma, na hapo nimecheka pamoja na baba yako.

Nikuambie nilivyokuelewa, nikikosea utanirekebisha. Kuna gari ambalo lina jina moja kwenye tangazo na jina lingine kwenye chuma. Kuna hela ya watu wawili ambayo mmoja wao hajui inatakiwa kwenda wapi. Kuna mzee ambaye unajiona una deni lake. Na juu ya yote hayo kuna ajenti amekushikia saa. Umeniuliza ulipe au usilipe, lakini mi naona umefunga mizigo mitatu kwenye kanga moja kwa sababu ya hiyo saa, ngoja nikusaidie kuifungua, uibebe unavyotaka.

Nianze na gari maana ndo jepesi.

Mi sio fundi. Nina rafiki ameagiza magari ya zamani Japani miaka mingi, nikamsomea barua yako bila kumtajia chochote kinachokuhusu, akanikatiza kabla sijafika mwisho, "inaanza na S30, hakuna H mbele?" Nikamwambia ndiyo. Akavuta pumzi. Anasema kinachoitofautisha ZG kwa macho ya nje ni ile pua na yale mabawa, na vyote ni faiba, vinafungwa kwa boliti na skrubu, kwa hiyo mtu yeyote mwenye drili na wikiendi moja anaweza kuivalisha Fairlady yoyote ya lita mbili ikatoka ZG. Na huko Japani zimevalishwa nyingi, sio lazima kwa utapeli, watu walipenda tu lile umbo. Inawezekana kabisa kuna kijana aliivalisha hii miaka ya themanini na anayeiuza leo aliikuta hivyo hivyo. Ila namba ya chasi haivalishwi. Omba picha ya namba ya injini pia, imegongwa kwenye bloku upande wa nyuma, inaanza na L20 au L24, hiyo nayo iangalie ukijua kwamba injini huhamishwa, chasi ndo inabaki.

Lakini haya yote wewe unayajua, yapo kwenye kurasa zako kumi na moja. Kilichonishika mimi ni maneno yako mawili, "nikajikuta namuamini". Mwanangu wewe ni mhasibu. Ankara ikisema kitu kimoja na risiti kitu kingine, unairudisha mezani kwa mtu hata kama ni bosi. Sasa picha ya tisa imekuambia kitu, ajenti kakuambia kingine, na ukachagua la ajenti. Sikulaumu, nakuuliza tu ni nini kilikuwa kinaongea ndani yako saa ile.

Na si kwamba Fairlady ya lita mbili ni takataka. Ni bodi ileile, ule ule mlalo wa paa kushuka mpaka mkiani, L20 na L24 ni ndugu wa tumbo moja, silinda sita kwenye mstari mmoja, injini ngumu inayovumilia. Unaweza kuamua unaitaka hii hii na pua yake ya kupachika. Ila basi uinunue kama Z ya lita mbili, kwa bei ya Z ya lita mbili, na ankara iseme hivyo, maana cheti cha kulifuta usajili kule Japani kwa ajili ya kulisafirisha kitaandika namba ilivyo kwenye chuma, na ankara ikisema 240ZG halafu cheti kikasema S30, bandarini wewe ndo utakuwa unaeleza, ajenti yuko kwake amelala. Kwanza muulize kama hicho cheti kinapatikana. Kuna magari ya umri huo huko yamekaa bandani mpaka nyaraka zikapotea, na bila nyaraka halitoki hata liwe zuri vipi.

Kuhusu ile rangi nyeusi chini. Inaweza kuwa kinga ya kweli, mtu amesafisha akapaka. Inaweza pia kuwa shuka lililotandikwa juu ya kitanda kibovu. Kwa picha hutajua. Rafiki yangu anasema haya magari yanaoza kwa siri: chini ya betri pale asidi inapochuruzika mpaka kwenye fremu, sakafu chini ya miguu, nyuma ya mlango karibu na tairi la nyuma, shimo la tairi la spea, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma ambako raba zikikauka maji yanaingia yanakaa. Mtu wa kujitegemea, sio wa ajenti, anaweza kulipwa akalinyanyue, apitishe sumaku aone puti iko wapi (kwenye pua asipoteze muda, faiba haishiki sumaku), apige picha huku amekwangua mahali padogo. Gharama yake mbele ya yeni milioni 6 ni ndogo. Ajenti akikubali, umepata taarifa. Akikataa, pia umepata taarifa. La gredi hajakudanganya, yapo mengi ya zamani yanauzwa bila gredi, ila maana yake ni kwamba karatasi haikusaidii, sio kwamba gari ni zima. Na kilomita usizitegemee, odometa yake ina tarakimu tano, ikifika 99,999 inarudi sifuri kama haijawahi kutembea.

Ile ya kuandika bei ndogo kwenye ankara imenikaa vibaya kuliko hata chasi. Acha kwamba ni kudanganya forodha, na mhasibu hapo hahitaji kuhubiriwa. Fikiria meli. Bima ya baharini huwa inafuata thamani iliyoandikwa, likiharibika njiani unalipwa hiyo ndogo. Halafu mtu anayekufundisha kumdanganya mwingine kwa karatasi, kwa nini karatasi zako wewe aziandike kweli?

Umri wa gari hujautaja kabisa, nikashangaa, au ulishaumaliza? Sheria zinapishana sana. Marekani gari likishatimiza miaka 25 linaingia bila kudaiwa viwango vyao vya usalama, Kanada ni 15, Kenya ni kinyume, lililozidi miaka 8 kwa kawaida halipokelewi. Sehemu nyingine kuna mlango wa magari ya kihistoria, sehemu nyingine kuna tozo ya uchakavu inayoweza kukutoa machozi. Jibu la nchi yako lipate kwa maandishi kutoka forodha yenyewe, sio kwa ajenti wala kwa mtu wa simu, kwa sababu gari lililokwama bandarini linalipiwa ghala kila siku.

Sasa siku nne. Gari limekaa duniani miaka hamsini na kitu, leo ndo limepata haraka. Lakini nisiwe mwongo, mara nyingine mteja wa pili yupo kweli, na ukisubiri ukaguzi unaweza kulikosa, na linalofuata likawa ghali zaidi au lisije mwaka mzima. Hiyo hasara ipo na utaisikia. Iweke tu kwenye mzani pamoja na ile nyingine, ya kutuma karibu theluthi ya hela kwa kitu ambacho wewe mwenyewe macho yako yalishakionyesha kina kasoro. Na ukituma, jina la akaunti lifanane na jina la kampuni, herufi kwa herufi.

Basi gari tuliweke hapo.

Mumeo. Nimeisoma ile "lina viti viwili" mara nyingi, nikaisema kwa sauti tofauti tofauti jikoni kwangu. Ukiisema kwa ukali ni katazo. Ukiisema kwa uchovu ni mtu anayefikiria watoto wawili na gari la watu wawili. Ukiisema polepole inakuwa swali, kiti kimoja chako, cha pili cha nani? Mi simjui mumeo, wewe ndo unalala naye, inawezekana ni katazo kweli. Ila aliyeamua ni katazo ni wewe, halafu ukakaa na hukumu hiyo bila mshtakiwa kuambiwa kesi ipo. Umemuuliza ajenti maswali mangapi miezi hii minne? Mumeo umemuuliza lipi?

Umeniandikia kwamba theluthi mbili ni za kwako. Naamini hesabu yako. Lakini mlipofungua ile akaunti mlisema "letu", na huenda mwenzio naye ana "jambo kubwa" lake kichwani ambalo naye hajalitamka, labda ni kiwanja, labda ni kuacha kazi, labda ni kitu ambacho anaogopa utacheka. Kumwambia kabla kuna hatari yake, anaweza kukataa waziwazi, na katazo la waziwazi ni zito kuliko hili la kuhisi, hutaweza tena kujifanya hujui. Anaweza pia kukubali kwa masharti yatakayokuudhi. Kumwambia gari likiwa bandarini nako kuna hatari, na hii mi nimeiona kwa macho kwenye nyumba za watu: kinachogombaniwa hakiwi gari tena, inakuwa ni zile siku arobaini za meli ambazo ulikuwa unakula naye meza moja. Kuna wanaotenganisha hesabu kwanza, yaani mnakaa mnagawa ile akaunti, sehemu ya kila mtu anaifanyia anachotaka. Inafaa kwa baadhi, kwa wengine neno kugawa tu linatisha. Wewe ndo unajua nyumba yako inabeba uzito gani.

Nije kwa mzee, na hapa niruhusu niende taratibu.

Stori ya ada umeipata kwa mama yako, Mungu amrehemu. Baba hajawahi kuisema. Wewe umeuchukua ule ukimya ukausoma kuwa ni maumivu. Inawezekana. Lakini kuna wazee wengine hawasemi kwa sababu kwao hapakuwa na cha kusema, hela ilikuwepo, mtoto alikuwa anaingia chuo, wakalipa, wakarudi kazini. Ukimletea gari kama malipo ya deni ambalo yeye hakuliandika popote, utamfurahisha au utamwambia kwamba siku zote ulikuwa unamwona kama mtu aliyekosa? Sijui. Yeye anajua.

Na "ya nini sasa, macho haya", umeichukua kama unyenyekevu wa wazee. Isikilize tena kama kauli ya fundi. Fundi wa miaka mingi anafunguliwa geti, gari la 1972 limesimama, pua ya kubandika, kutu chini ya rangi mpya. Unafikiri atafanya nini cha kwanza? Atapeleka mkono kwenye boneti, atapapasa ile namba kwa vidole kama haioni, atajua. Na kwa alivyo, kama ada yenyewe hakuitamka, nadhani na hili hatalitamka. Atakusifia. Utaishi na sifa hiyo.

Upande mwingine, kuna kitu rafiki yangu alisema nikaona nikupe. Hizi Z za mwanzo za kawaida zina kabureta mbili, na mafundi wa zamani walikuwa wanazisawazisha kwa sikio. Wanachukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, wanasikiliza mlio wa hewa ikivutwa, wanahamia ya pili, wanakaza na kulegeza mpaka milio ifanane. Hiyo kazi haihitaji macho. Kwa hiyo "ya nini sasa" inaweza kuwa na jibu. Au asitake kabisa, achoke, aseme mikono imepumzika iache ipumzike, na hilo nalo ni jibu na itabidi ulipokee.

Ukimshirikisha mapema unapoteza ile siku ya geti, najua umeiota sana. Unaweza pia kupoteza gari lenyewe maana anaweza kusema hapana, na hapana ya baba ni nzito. Lakini unaweza kukaa naye jioni moja umsomee meseji za ajenti, umwelezee picha moja moja, picha ya tisa umwambie herufi zilivyo. Alikufundisha kumulika anapoangalia yeye. Miaka mitatu hii umekuwa ukimulika sana, na faili lako ni ushahidi, nisichokiona kwenye barua ni yeye anaangalia wapi.

Na kuna jambo moja nililosita kulisema. Umeandika "gari la baba". Lakini aliyekaa macho usiku ni wewe, aliyetetemeka mkono ni wewe, aliyeuawa na ile ZG ni wewe, na kwenye picha ya kabatini haikuwa ZG mwanangu, ilikuwa 240Z ya kawaida yenye tope. Mwanamke wa miaka 38 mwenye watoto wawili akisema "nataka gari la michezo la 1972 kwa sababu nalitaka" watu watamwangalia vibaya, akisema ni la baba yake watamwonea huruma. Nakuuliza kwa upendo tu: kama mzee akisema hataki, utaendelea kulitafuta? Jibu lake ukilipata, maongezi na mumeo yatakuwa tofauti kabisa, maana kumwomba hela ya kumlipa baba yako fadhila na kumwambia "kuna kitu nakitaka mimi" ni mambo mawili, na huenda la pili hajawahi kulisikia mdomoni mwako tangu muoane.

Njia unazo zaidi ya ile ya kulipa na kutolipa. Unaweza kumjibu ajenti leo kwamba unataka mkaguzi, picha ya namba ya injini, cheti, na ankara ya bei halisi, halafu hizo siku nne ziende zinakokwenda. Unaweza kuliacha hili utafute Z ya lita mbili inayojiita ya lita mbili, ya bei inayotoka kwenye theluthi zako bila kugusa za mwenzio, ila hapo hakuna pua, na moyo wako uko kwenye pua. Unaweza kusimama mpaka uongee na wale wawili. Unaweza hata kulipa, ukijua unacholipia. Siwezi kukuchagulia, na hata nikichagua si mimi nitakayefungua geti.

Ukiongea na yeyote kati yao niandikie tena, hata kama imeenda vibaya. Na ile picha ya kabatini, kama solusheni bado imeishika, ipige na simu unitumie. Nataka kuliona hilo tope.